Kona ya Fundi: Gia nzito kwenye lami, nifungue transfa au niiache?

Fundi shikamoo. Mi nabeba kabichi na viazi, natoka Lukozi nashuka mpaka Mombo, gari ni mkonga, Land Cruiser pikapu injini ya 1HZ, transfa (lile boksi linalogawa nguvu ya injini mbele na nyuma) ni ya kijiti cha mkono. Kule juu kwenye tope nikiweka 4L, yaani fowili ya tairi zote nne na gia nzito, inapanda kama haina mzigo. Sasa juzi kushuka Soni breki zikawa zinanuka nikasema ngoja niweke hiyo hiyo 4L kwenye lami injini inisaidie kushika gari, kona ya kwanza tu usukani ukawa mzito kama nimefungiwa jiwe, gari inaruka ruka huku nyuma kama inaburuzwa, nikasimama nirudishe 2H, ile ya kawaida ya tairi za nyuma tu, kijiti kikagoma kabisa. Fundi mmoja hapa mjini anasema tuifungue transfa atoe pini za ndani ili gia nzito iingie kwa tairi za nyuma peke yake, anasema huko Marekani wanafanya hivo kila siku. Mwingine kaniambia nikikubali nimeua gari. Hela yangu ni ya kuunga unga, sitaki kufungua mara mbili. Nifanyeje?
*Dereva, Lushoto*

Marahaba mwanangu. Kabla hujatoa hata shilingi, shuka kwenye gari, inama kwenye tairi ya mbele uangalie katikati ya rimu. Kama mkonga wako ni kama mingi iliyoko huku kwetu utakuta kile kikombe chenye kirungu cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa FREE na LOCK, hiyo ndo loki ya mbele. Zungusha vyote viwili viwe FREE, kulia na kushoto, rudi ndani, gari ikiwa imesimama weka 4L. Basi. Umeshapata gia nzito ya tairi za nyuma peke yake na hujafungua bolti hata moja.

Sasa nikueleze kwa nini, maana dereva akishajua kinachotokea kule chini hadanganywi tena na mtu.

Gari ikikata kona tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma, we angalia tu alama za tairi kwenye vumbi utaona za nyuma zimekata ndani. Mkonga wa pikapu ya kebini moja, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 3.18, kwa hiyo ukikata kona kali ya robo duara ambayo katikati ya ekseli ya nyuma iko mita 6 kutoka kitovu cha kona, nyuma inatembea kama mita 9.4 na mbele kama mita 10.7. Zaidi ya mita nzima ya tofauti, kwenye kona moja! Difu inasaidia tairi ya kulia na ya kushoto zisigombane lakini kati ya mbele na nyuma mkonga hauna difu, ukishaweka 4H (fowili ya gia ya kawaida) au 4L transfa inafunga propela ya mbele na ya nyuma, zile shafti ndefu zinazotoka transfa kwenda kwenye difu, zizunguke sawa sawa kama zimechomelewa. Kwenye tope hiyo mita inamezwa maana tairi inateleza kidogo mambo yanaisha, kwenye lami tairi imeng'ata haiachii, kwa hiyo ile tofauti inaenda kujikunja kwenye propela, kwenye krosi (viungio vya propela), kwenye jointi za mbele na kwenye meno ya transfa yenyewe. Huo uzito uliousikia kwenye usukani ndo huo, na kile kuruka ruka ni tairi inashindwa kuvumilia inajiachia kwa nguvu alafu inang'ata tena.

Na kijiti kiligoma kwa sababu hiyo hiyo, meno ya ndani yamebanana kwa nguvu huwezi kuyatenganisha kwa mkono, ukivuta kwa hasira unapinda uma wa gia bure. Siku nyingine ikikutokea nyoosha usukani, rudi nyuma taratibu mita chache, utasikia kama kitu kimejiachia chini, "tak", kijiti kinatoka chenyewe kwa vidole viwili. Au peleka gari tairi za upande mmoja ziguse udongo pembeni ya barabara, nayo inaachia.

Ukishaweka loki za mbele FREE huo ugomvi unaisha. Transfa bado inazungusha propela ya mbele, difu ya mbele inazunguka, hafu shafti zinazotoka difu kwenda kwenye tairi zinazunguka, ila zikifika kwenye habu, pale katikati ya tairi, zinakuta hakuna aliyezishika, tairi ya mbele inaenda kwa mwendo wake yenyewe. Hakikisha zote mbili kweli zimeachia, maana loki zikikaa sana na grisi ikaganda kirungu kinasoma FREE na ndani bado kumeshikana. Piga jeki tairi ya mbele, uizungushe kwa mkono huku mtu anaangalia chini, hafu shafti ikizunguka pamoja na tairi basi hiyo loki ifunguliwe isafishwe ipakwe grisi mpya. Fanya upande wa pili pia.

Sasa fundi wako wa kutoa pini. Hajakudanganya, kitu anachosema kipo. Ndani ya transfa kuna pini inayozuia gia nzito isiingie mpaka tairi za mbele ziwe zimeshashikana, na aliyeiweka alikuwa na sababu, anataka ile nguvu igawanyike mbele na nyuma. Gia nzito ya mkonga inazidisha mara 2.488. Injini ya 1HZ inatoa nguvu ya kuzungusha ya Nm kama 285, gia ya kwanza inazidisha mara 4 na zaidi kidogo, kwa hiyo ukiwa 2H gia ya kwanza propela ya nyuma inabeba Nm 1,100 na kitu, ukiingiza gia nzito inafika 2,800 na ushee, na yote inapita kwenye krosi mbili za nyuma. Ukiwa na mzigo mgongoni kwenye lami kavu tairi za nyuma hazitelezi ziipunguze hiyo nguvu, kwa hiyo kitu chepesi kuliko vyote ndo kinaachia. Kwa loki za FREE au kwa kutoa pini hatari ni hiyo hiyo moja, tofauti ni kwamba kwa loki hujafungua kitu, na ukifika kwenye tope unazungusha LOCK gari ni ileile iliyotoka kiwandani.

Kwa hiyo masharti yangu, naomba uyashike. Ukiwa na loki FREE na 4L usiondoke na gia ya kwanza na mzigo juu, ondoka na ya pili au ya tatu, itaondoka bila kulalamika. Usiachie klachi kwa ghafla. Krosi za nyuma zitie grisi mara kwa mara, na ukisikia mlio wa "tik tik" unapoondoka usisubiri safari nyingine.

La breki sasa, na hili nataka ulisome taratibu maana ndo lililokuleta hapa. Kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kilomita kama 33 na unashuka karibu mita 1,000. Gari na mzigo wako tuseme tani 3. Nguvu ya kushuka huko kama yote ukiiachia breki zimeze ni joto linalotosha kuchemsha lita zaidi ya 10 za maji kutoka baridi mpaka yakauke yote sufuriani. Hebu fikiria sufuria hilo limewekwa juu ya pedi zako. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kipimo kinashuka mpaka 140, yakichemka yanatoa mapovu, unakanyaga pedeli inazama mpaka chini hakuna kitu. Kunuka kwa breki ni onyo. Ukinusa tena simama zipoe, usimwage maji, na ukifika badilisha mafuta ya breki kama hujabadilisha miaka miwili.

Injini ishike gari, hapo uko sahihi kabisa. Ila angalia hesabu ya gia: gia ya 4 kwenye mkonga ni moja kwa moja, 1.000, kwa hiyo ukiwa kwenye gia nzito gia ya 4 inakuwa 2.488, ambayo ni karibu sawa na gia ya 2 ya kawaida. Gia ya 3 ni kama 1.5, kwenye gia nzito inakuwa 3.7 hivi, inakaa katikati ya gia ya 1 na ya 2 za kawaida. Maana yake sehemu kubwa ya kushuka Soni gia ya 2 ya kawaida na 2H inakutosha kabisa, hauhitaji transfa, unahitaji tu kuiweka mapema kabla gari haijakimbia. Gia nzito ya 3 ndo zawadi yako pale ambapo ya 2 inaikimbiza injini na ya 1 inakusumbua, zile sehemu kali zenye kona, mwendo wa pole. Na kumbuka injini inashika tairi za nyuma peke yake, siku ya mvua gari ikiwa tupu ukiweka gia ya 1 nzito ukaachia klachi nyuma inaweza kuteleza ikakupita, kwa hiyo siku hizo usishuke chini ya gia ya 3.

Na hili la mwisho kwako, usije ukafanya kamwe. Usiingize gia nzito gari ikiwa inashuka. Kijiti kikitoka 4H kwenda 4L lazima kipite N (nyutro), na kwenye N injini haishiki tairi hata kidogo, hata uwe kwenye gia ya ngapi. Niliwahi kukaa kiti cha abiria kwenye pikapu ya mbao, dereva akaona mwendo umezidi akavuta kijiti, gia zikasaga "krrr" hazikuingia, kijiti kikabaki katikati na injini ikawa kama imepumua, gari ikaanza kujiendea yenyewe. Alikanyaga breki kwa miguu miwili. Tulisimamishwa na kingo ya udongo upande wa mlima, ingekuwa upande wa pili nisingekuwa naandika hapa. Simama juu kabla ya mteremko, mahali tambarare, breki ya mkono, weka gia nzito, sikia imeingia, ndo uanze kushuka. Na ukipaki, kijiti kikiwa N gia uliyoiacha kwenye giaboksi haikushikilii chochote, weka jiwe kwenye tairi.

Kama ukiinama ukakuta loki hazipo, maana kuna magari yalishatolewa loki yakafungwa flenji za moja kwa moja baada ya loki kuharibika, basi hela yako ipeleke kwenye kurudisha loki za mkono. Usiipeleke kwenye transfa.

Habari fundi, mimi nina Hilux dabo kebini, haina loki za mkono kwenye tairi, fowili inaingia yenyewe nikivuta kijiti. Navuta trela ya tanki la maji naingiza kinyumenyume kwenye geti lenye mteremko wa zege, klachi inanuka kila siku. Nikiweka 4L inapanda vizuri lakini nikikata usukani inabana. Kuna njia ya kupata gia nzito bila mbele?
*Mama Trela, Nakuru*

Dada, hilo klachi unalionusa ni kwa sababu gia ya rivasi ni ndefu kwa kazi hiyo, unalazimika kuishikilia klachi nusu nusu, na gia nzito ya Hilux ya 2.566 ndo dawa yake kweli.

Gari yako haina loki kwenye habu, badala yake kuna kidude kwenye difu ya mbele kinachounganisha na kutenganisha hafu shafti ya upande mmoja, za zamani kinaendeshwa na vakyumu kwa mipira, za baadae kwa mota ya umeme. Ukiweka fowili kinaunganisha chenyewe. Watu wanachofanya ni kuweka swichi kwenye dashibodi ili kile kidude kisiunganishe hata kama transfa iko 4L, inawezekana, na fundi umeme mzuri anaiweka kwa nusu siku, taa ya fowili itakuwa inapepesa kukwambia mbele haijashika na hiyo ni sawa.

Lakini kabla ya hapo jaribu hivi. Panga gari na trela zinyooke kabla ya mteremko, ukiwa bado kwenye 2H, kisha simama, weka 4L, ndo upande mteremko usukani ukiwa umenyooka. Mita 10 au 15 zilizonyooka kwenye zege hazitaumiza kitu, kubana kunakuja unapokata. Ukishaingia juu toa kabla hujageuza usukani. Kama geti lako haliruhusu kunyooka ndo tuongelee swichi, na ukiiweka uwe mpole na mguu wa mafuta, Hilux nyuma sio nzito kama mkonga.

Kaka mi niko Minnesota huku, nina Jeep Wrangler TJ yenye transfa ya NP231. Navuta boti ndogo wikiendi, kuitoa ziwani kwenye mteremko wa zege na kugeuza. Nimeona kuna seti ya vipuri (kit) ya kuifanya iwe na gia nzito kwa nyuma tu. Nifunge?
*Mswahili wa Maziwa*

Kaka, kwako hesabu ni tofauti na ya ndugu yetu wa Lushoto kwa sababu TJ tairi za mbele zimeungana moja kwa moja na hafu shafti, hamna cha kuachia kule, kwa hiyo njia ni ya ndani ya transfa kweli. Ile seti inabadilisha sahani inayosukuma uma wa gia ili gia nzito iingie bila kuvuta mbele, mwili wa transfa haukatwi. NP231 inazidisha mara 2.72, na ikienda nyuma peke yake angalia kwanza nyuma yako ni difu gani. Kama ni Dana 44 funga uwe na amani. Kama ni Dana 35 hafu shafti zake ni nyembamba kidogo, na boti iliyojaa maji kwenye zege la mwinuko ni mzigo wa kweli, mimi ningesubiri mpaka nibadilishe nyuma.

Fundi, Land Cruiser VX ya zamani, ile ya 80, ina fowili muda wote ina difu ya kati. Nikiweka gia nzito difu ya kati inajifunga yenyewe na kwenye lami inabana kama mkonga tu. Rafiki yangu ana Defender hanaga shida hiyo. Kwa nini?
*Msomaji, Dodoma*

Kwa sababu kwenye Defender kufunga difu ya kati na kuweka gia nzito ni vitu viwili tofauti, kijiti kinaenda mbele na nyuma kwa gia, kulia na kushoto kwa loki, kwa hiyo rafiki yako anaweka gia nzito yake ya 3.32 na difu ya kati imeachia, anakata kona popote. Kwenye 80 umeme ndo unaofunga, ukiingiza L (gia nzito) rilei, ile swichi ya umeme, inapokea taarifa inafunga difu. Wenye 80 wengi duniani wanatoa waya wa pini namba 7 kwenye plagi ya rilei hiyo, basi gia nzito inaingia bila kufunga, na ukitaka kufunga unatumia swichi ya dashibodi. Kama dashibodi yako haina hiyo swichi iweke kwanza, usitoe waya ukabaki huna namna ya kufunga siku uko kwenye tope. Usikate waya, chomoa pini kwenye plagi uifunge na tepu, ukiuza gari mwenye nayo ataitaka. Katika yote niliyojibu leo hii ndo naipenda kuliko zote, bei yake ni dakika 20 na bisibisi ndogo.

Mvua ikinyesha naweza kutembea na 4H kwenye lami na mkonga wangu?
*Dereva mpya, Moshi*

Hapana. Lami yenye maji bado inang'ata, kona za mzunguko utabana tu. 4H iache kwa tope, mchanga na changarawe. Ila mara moja kwa mwezi tafuta barabara ya vumbi, funga loki, tembea kilomita kama 16 na 4H ili oili ifike kwenye siili na beringi za mbele, maana gari inayokaa mwaka mzima na 2H ndo ile unayokuta imevuja difu ya mbele na loki zimeganda siku umeingia mtoni.